Uzi maalumu: Picha za mtaani zisizopangwa – umbali, mwanga na namna ya kusimama

#1 Mtembezi28 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Maswali ya picha za mtaani yametapakaa kila mahali, na majibu mengi huishia kwenye "nunua kamera ndogo" na "jiamini tu". Uzi huu uwe wa kazi yenyewe: unatembea mjini, unaona jambo, unalipiga kabla watu hawajajipanga. Naanza na fokasi kwa sababu ndiyo inayoua picha nyingi kuliko kitu kingine.

Tukio la mtaani huisha ndani ya sekunde moja. Ukiiachia kamera itafute fokasi muda huo, itashika ukuta wa nyuma, au bega la anayekatiza, au itasita. Dawa ni kuamua umbali mapema. Weka lenzi kwenye fokasi ya mkono, ifunge kwenye mita 2.5 kwa mfano, bana tundu la lenzi (namba ya f ikipanda, tundu linakuwa dogo na eneo la ukali linapanuka) hadi f/8. Baada ya hapo kazi yako ni kufika kwenye umbali huo, basi.

Namba hizi ni za sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ya fremu kamili, milimita 36 kwa 24. Namba ya mm ikiwa ndogo, lenzi inaona kwa upana zaidi:

- Lenzi ya 28 mm, f/8, fokasi mita 3.3: ukali unaanza kama mita 1.65 na kwenda hadi mwisho wa macho. Ukibana f/11, weka mita 2.4, ukali unaanza mita 1.2.
- Lenzi ya 35 mm, f/8, fokasi mita 2.5: ukali ni mita 1.7 hadi 4.9. Kwa f/11, umbali huohuo, ni mita 1.5 hadi 7.5.
- Lenzi ya 50 mm, f/8, fokasi mita 3: mita 2.3 hadi 4.2 tu. Hapo huna nafasi ya kukisia.

Kwa sensa ndogo ya APS-C, lenzi ya 18 mm kwenye f/8 na fokasi mita 2 inakupa ukali kuanzia mita 1 hadi mbali kabisa.

Lakini zingatieni hili. Hesabu hizo zimejengwa juu ya kipimo cha kale cha doa la milimita 0.03 kwenye sensa (0.02 kwa APS-C), ambacho kinakubali ukungu mdogo usioonekana kwenye picha ya ukubwa wa kawaida. Ukikuza picha ya megapikseli 24 hadi asilimia 100, kingo za eneo hilo zitaonekana laini. Ukipiga kwa f/8, soma alama za eneo la ukali za f/5.6 kwenye lenzi, na uhakikishe mhusika mkuu yuko kwenye umbali uliofungwa, asiwe ukingoni.

#2 Mgeni_wa_Fremu

Mkuu, shukrani. Swali: lenzi ya kisasa ina pete laini isiyo na namba, inazunguka bila kikomo. Mita 2.5 inafungwaje? Na nikizima kamera na kuiwasha, fokasi inakuwa imehama.

#3 BibiLenzi

Pete hiyo haisukumi vioo. Inatuma ishara kwa mota, na mota ndiyo inayosogeza vioo. Kamera ikizimwa, kwenye lenzi nyingi mota hurudi mahali pake pa kuanzia. Ndiyo maana fokasi inahama.

Fanya hivi. Kabla ya kutoka, pima mita 2.5 kwa futi kamba kutoka ilipo sensa (kamera nyingi zina alama ya duara lililokatwa na mstari juu ya mwili; hapo ndipo sensa ilipo). Weka kitu chenye maandishi mwishoni mwa kipimo, acha autofokasi ikishike, kisha hamia fokasi ya mkono bila kugusa pete. Ingia kwenye menyu utafute chaguo la kukumbuka nafasi ya fokasi baada ya kuzima. Kamera kadhaa wanalo, ila limefichwa mbali. Kama halipo, usizime kamera. Ongeza muda wa kulala kutoka dakika moja hadi tano au zaidi, na ubebe betri ya pili, kwa sababu kamera isiyo na kioo cha ndani hula betri hata ukiwa hupigi.

Baadhi ya kamera huonyesha mstari wa umbali kwenye skrini. Kwenye Fujifilm unaweza kuchagua mstari huo uhesabu ukali kwa kipimo cha pikseli au cha filamu. Kwa kazi ya mtaani chagua cha filamu, la sivyo utaambiwa eneo la ukali ni jembamba kuliko lilivyo kwenye picha halisi. Ricoh GR wana njia fupi kuliko zote: kitu kinaitwa Snap, unachagua mita 1.5, 2 au 2.5, unabonyeza shata hadi chini kwa pigo moja, kamera inaruka moja kwa moja kwenye umbali huo.

Na kama bajeti inaruhusu lenzi ya mkono kabisa, tafuta yenye kidole kwenye pete. Jifunze kidole kikiwa kimeelekea chini ni umbali gani, kikiwa kushoto ni umbali gani. Utaifunga fokasi kamera ikiwa bado iko kiunoni.

#4 Mtembezi28

Naongezea njia ya kukagua umbali bila kupima. Shika kamera kwa ulalo. Mtu mzima wa kama mita 1.7 akienea fremu kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, basi kwa 28 mm yuko mita 2, kwa 35 mm yuko mita 2.5, kwa 50 mm yuko mita 3.5. Miguu ikikatika, uko karibu zaidi ya hapo. Nafasi ikibaki juu na chini, uko mbali. Ukilizoea jicho lenyewe litakuambia.

#5 Kivuli_Kirefu

Fokasi ikishatulia, adui anayefuata ni mtikisiko. Twende kwa hesabu ili tuache kubishana kwa hisia.

Mtu anayetembea kawaida huenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/250 (yaani kamera inapokea mwanga kwa sehemu hiyo ya sekunde) anasogea milimita 5.6. Akikatiza mbele yako mita 2.5, lenzi ya 28 mm, sensa ya megapikseli 24, mwendo huo unachora mfuto wa pikseli kama 10. Kwa 1/500 ni kama pikseli 5, na kwa 1/1000 hazifiki 3. Na hapo nimehesabu kiwiliwili tu. Mguu unaorushwa mbele unaenda kasi zaidi ya mara mbili, kwa hiyo uso unaweza kutulia na kiatu kikabaki ukungu. Mtu anayekuja kukukabili hana shida hiyo, 1/250 inamtosha.

Kwangu mimi 1/500 ndiyo sakafu, na juani 1/1000. Na ukipiga, simama. Ukipiga huku unatembea, unaongeza mwendo wako juu ya wa mhusika, na mikono yako inaruka kila kisigino kinapogusa chini.

Mtego ambao wengi hawaugundui: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya kujiendesha ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani hupanga shata kwa urefu wa lenzi. Kwa 28 mm inaweza kuridhika na 1/30 au 1/60, kwa sababu inafikiria mikono yako, haimfikirii anayetembea. Ingia kwenye menyu, weka shata ya chini kabisa 1/500 na ISO ya juu kabisa 6400. Hapo kamera itapandisha ISO kabla ya kupunguza shata.

#6 Negativu36

Lakini f/8 na 1/500 kivulini si utakuwa ISO kubwa muda wote? Picha itajaa chengachenga.

#7 Kivuli_Kirefu

Ndiyo, na ni sawa kabisa. Tazama: jua kali, f/8 na 1/1000 inahitaji ISO 250. Kivuli cha wazi kiko chini ya jua kwa stopu kama 4 (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo f/8 na 1/500 ni ISO 2000. Sensa za leo zinabeba ISO 2000 bila shida, na chengachenga zinapungua kwenye programu. Uso uliotikisika haurekebishiki kwa programu yoyote. Ukilazimika kuchagua, poteza usafi wa picha kabla ya kupoteza ukali wa mwendo.

#8 Jicho_la_Kona

Mmezungumzia kamera, sasa tuzungumzie mwanga, maana hizo stopu 4 ndizo zinazotengeneza picha.

Chukua njia nyembamba kati ya majengo marefu, jua likiwa upande mmoja. Kipande cha jua kinaangukia lami, pembeni pake kivuli. Usiiachie kamera ipime. Ikipima kivuli kikubwa itaunguza kipande chenye jua, na uso wa anayepita pale utakuwa mweupe usio na kitu ndani. Weka kila kitu kwa mkono: f/8, 1/1000, ISO 250. Kipande cha jua kinatoka sawasawa, kivuli kinashuka stopu 4 hadi karibu na weusi, na mandhari yote yenye fujo, mabango, nyaya, magari yaliyoegeshwa, inamezwa na giza. Mtu akiingia kwenye jua hilo anabaki peke yake kwenye fremu.

Sasa kaa upande wa kivuli, ukielekea kwenye kipande cha jua, jua likitoka ubavuni. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, kivuli cha mtu kina urefu sawa naye. Likishuka hadi nyuzi 27 hivi, kivuli kinakuwa mara mbili ya urefu wake. Kuanzia hapo vivuli vinakuwa wahusika, vinatangulia watu kwenye kona. Chunguza pia mwanga unaodundishwa na madirisha ya vioo upande wa pili wa barabara. Unaangukia kivulini kama madoa, unahama kadiri jua linavyosogea, na doa zuri halidumu sana. Ukiliona, simama hapohapo.

#9 Mgeni_wa_Fremu

Kusimama au kutembea? Wengine wanasema picha za mtaani ni kutembea na kukutana na mambo.

#10 Jicho_la_Kona

Kusimama. Watu wakikukuta umesimama mahali, wewe ni sehemu ya mtaa. Wakikuona unawasogelea, wewe ni jambo, na macho yote yanakuja kwenye lenzi. Chagua jukwaa: ukuta safi, mlango wenye rangi, ngazi, kipande cha jua. Panga fremu likiwa tupu, kisha subiri. Dakika kumi hadi ishirini kwa jukwaa moja, likikataa unahama.

#11 Mtembezi28

Napinga kidogo, ndugu. Jukwaa linatoa picha safi, lakini zinafanana: mtu mdogo, ukuta mkubwa, kivuli. Mambo yanayotokea kati ya watu, mkono ulioshika bega, mtoto anayegoma kutembea, watu watatu wanaotazama pande tatu, hayaji kwenye jukwaa lako. Inabidi uyaendee, na inabidi uwe karibu. Ndiyo maana nilianza na mita 2.5.

Njia ya katikati ni kutembea polepole kuliko wengine, upande mmoja wa barabara, kisha kurudi upande wa pili. Kwenye kona, vituo vya mabasi na vivuko vya watembea kwa miguu, simama. Kivukoni ni mahali pa thamani sana: watu wanalundikana wakisubiri taa, wamesimama wanatazama mbele, hawana la kufanya na nyuso zao. Simama upande wa pili ukiwakabili. Taa ikibadilika wote wanakujia, na safu tatu zinajipanga zenyewe, wa mbele, wa kati na wa nyuma.

#12 BibiLenzi

Hapo kwenye safu ndipo picha nyingi zinapokufa bila mtu kujua kwa nini, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Watu watano wakija kivukoni, tatizo si fokasi wala mwanga. Tatizo ni vichwa kupandana. Kichwa cha mwanamke wa kati kikigusa bega la mwanamume wa mbele, jicho la mtazamaji linawasoma kama donge moja. Nguzo ikitoka juu ya kichwa cha mtu, ni hivyohivyo. Mstari wa dirisha au ukingo wa ukuta ukipita shingoni, unamkata kichwa. Unachohitaji ni upenyo wa mandhari kati ya kila umbo na jingine, hata mwembamba kama kidole.

Upenyo huo haupatikani kwa kuzungusha kamera. Ukizungusha kamera uliposimama, watu waliopandana wanabaki wamepandana, wanahama tu kwenye fremu. Lazima mwili wako uhame. Nusu hatua kulia inamtoa wa mbele kushoto kuliko inavyomtoa wa nyuma, kwa sababu aliye karibu husogea zaidi machoni. Kwa mtu aliye mita 2 kutoka kwako na mwingine aliye mita 5, nusu hatua inatosha kuwatenganisha kabisa. Kupiga goti kidogo kunapandisha vichwa juu ya mstari wa magari na kuviweka kwenye anga au ukuta. Kwa hiyo tazama mapengo kati ya watu kwanza, nyuso baadaye. Nyuso zitakuja.

Jambo la pili ni miguu. Mtu anayetembea anapendeza miguu ikiwa imefunguka kama mkasi, kisigino cha mbele kikikaribia chini. Miguu ikipishana anaonekana amesimama kwa mguu mmoja. Kati ya hatua mbili nzuri kuna kama nusu sekunde, kwa hiyo hesabu mdundo wa hatua zake na ubonyeze kabla kidogo ya kisigino kugusa. Na usikate kwenye vifundo: ama nyayo zote ziwemo, ama ukate katikati ya paja.

#13 Negativu36

Naunga mkono hoja ya mapengo. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipompiga picha yule mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, mwaka 1932, kinachoishika picha ni kwamba kisigino hakijagusa maji. Kuna ukanda mwembamba wa mwanga kati ya kiatu na kivuli chake. Alipigia kwenye upenyo wa uzio, na fremu ikabidi ikatwe upande, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra. Kwa hiyo wanaosema kukata fremu ni dhambi walegeze kidogo.

#14 Mgeni_wa_Fremu

Vipi kupigia kiunoni bila kutazama? Inaonekana njia rahisi ya watu kutokujua.

#15 Mtembezi28

Inawezekana, lakini ijue gharama yake. Huoni mapengo aliyoyaeleza BibiLenzi, huoni kingo, na kamera ikiinama nyuzi 5 majengo yanaanguka. Lenzi ya 28 mm inasamehe kidogo kwa sababu ina upana, ya 50 mm haisamehi. Ukitaka urefu wa kiunoni, tumia skrini inayokunjuka. Unatazama chini, huwakabili watu kwa macho, na bado unaona fremu. Mpiga picha wa mtaani Vivian Maier alipiga sehemu kubwa ya kazi yake kwa Rolleiflex, kamera ambayo kioo chake kinatazamwa kutoka juu, na ndiyo sababu watu wengi kwenye picha zake wanaonekana kwa kuinuliwa kidogo.

Mpiga picha Mmarekani Walker Evans alienda mbali zaidi. Kati ya 1938 na 1941, kwenye treni za chini ya ardhi za New York, alificha kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo na waya wa shata ukipita kwenye mkono wa koti. Iliwezekana kwa sababu abiria walioketi mbele yake walikuwa kwenye umbali uleule muda wote. Mtaani umbali hautulii namna hiyo.

Na kuna suala la heshima. Kamera ikiwa wazi mkononi, watu wanaona wewe ni mpiga picha na wanaendelea na yao. Mtu akigundua umeificha, ana haki ya kuudhika.

#16 Jicho_la_Kona

Kwenye kutoonekana bila kujificha, mwili ndio unaofanya kazi. Inua kamera mapema, mhusika akiwa bado mita 6, ukiwa kama unapiga jengo lililo nyuma yake. Atadhani anakuharibia picha na atapita bila kujali, wakati mwingine ataharakisha, kwa hiyo uwe tayari. Akifika kwenye umbali uliofungwa, bonyeza. Halafu usishushe kamera. Iache usoni, endelea kutazama pale nyuma sekunde mbili tatu baada ya yeye kupita. Ukiishusha papo hapo na kumtazama, umemwambia kwamba ni yeye.

Zima mlio wa fokasi, zima taa ya kusaidia fokasi (ile ya rangi inayowaka gizani ndiyo inayowashtua watu zaidi), na uzime picha kujionyesha kwenye skrini baada ya kupiga. Ikijionyesha utaitazama, na tukio la pili litakupita ukiwa umeinamisha kichwa.

#17 Taa_za_Usiku

Nimefuatilia, niongeze usiku maana haujaguswa.

Usiku mipango ya f/8 haifanyi kazi, unafungua f/2, na ukali unakuwa mwembamba. Kwa hiyo acha kuwakimbiza watu, kaa karibu na chanzo cha mwanga: dirisha la duka, kioo cha tangazo, kituo cha basi chenye taa. Mwanga wa dirisha kubwa ni laini na unatoka ubavuni. Anza na f/2, 1/125, ISO 3200, rekebisha kutoka hapo. Kwa 1/125 anayekatiza atafutika, kwa hiyo wapige waliosimama au wanaokujia. Fokasi ifunge kwenye ukingo wa mwanga, pale mtu atakapokuwa amemulikwa vizuri.

Kinachowachanganya wengi ni mistari ya giza inayokata picha. Taa nyingi za LED na za mrija hupepesa mara 100 kwa sekunde pale umeme ulipo wa hezi 50, na mara 120 kwenye hezi 60. Shata ya kielektroniki isiyo na sauti husoma sensa mstari kwa mstari, kwa hiyo baadhi ya mistari inasomwa taa ikiwa imefifia. Hamia shata ya mitambo na utumie 1/100 au 1/50 kwenye hezi 50, 1/125 au 1/60 kwenye hezi 60. Kamera nyingi zina chaguo la kuzuia kupepesa, ambalo husubiri kilele cha mwanga ndipo lifungue shata. Linachelewesha kidogo, lakini linasaidia. Shata hiyohiyo ya kielektroniki hupinda magari yanayopita na magurudumu ya baiskeli. Mchana pia itumie kwa waliotulia tu, kama sensa yako si ya kusoma kwa haraka.

#18 Mgeni_wa_Fremu

Na sisi wa simu?

#19 BibiLenzi

Simu ina faida: lenzi fupi sana, hivyo eneo la ukali ni pana na fokasi si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba simu yenyewe huchagua shata, na mwanga ukipungua inashuka hadi 1/60 au chini. Pakua programu ya kamera inayokuruhusu kuweka shata kwa mkono, funga 1/500, acha ISO ijipandishe. Zima hali ya usiku. Inaunganisha fremu nyingi ndani ya sekunde nzima au zaidi, na anayetembea anatoka kama mzimu. Hali ya kufifisha mandhari nayo izime, inakata masikio na mikoba. Tumia kitufe cha sauti kama shata ili usiguse skrini, na kaa kwenye lenzi kuu. Ile pana kabisa ina tundu dogo na sensa ndogo, na nyuso za pembeni inazivuta.

Futa lenzi kabla ya kuanza. Mafuta ya kidole ndiyo yanayoleta ule ukungu mweupe kwenye taa.

#20 Negativu36

Sheria msiisahau. Kupiga na kuchapisha ni mambo mawili, na nchi hazifanani. Ujerumani, sheria ya 1907 inataka ridhaa ya mtu ili kuchapisha sura yake, isipokuwa pale watu ni sehemu ndogo ya mandhari au ni mkusanyiko. Hungaria, tangu kanuni ya kiraia ya 2014, ridhaa inahitajika hata kwa kupiga. Mahakama Kuu ya Kanada mwaka 1998, katika kesi iliyotoka Quebec, ilimpa fidia ya dola 2,000 binti aliyepigwa picha ameketi kwenye ngazi na picha ikatoka kwenye jarida. Marekani ni kinyume chake: mwaka 2006 mahakama ya New York ilitupilia mbali kesi dhidi ya mpiga picha Philip-Lorca diCorcia, aliyewapiga picha wapita njia kwa taa alizotega Times Square, ikisema ni sanaa inayolindwa. Lakini huko huko, ukiitumia sura ya mtu kwenye tangazo bila ridhaa ya maandishi, umekosea.

Kwa hiyo soma sheria ya unapokwenda kabla ya kupanda gari. Ukipandisha mtandaoni, ondoa data ya mahali kwenye faili, na tazama sare za shule na namba za nyumba kwenye picha zenye watoto.

#21 Mtembezi28

Na mtu akikataa? Simama, usiondoke haraka. Shusha kamera, tabasamu la kweli, mwambie ulichokiona: "Mwanga ulikuwa unakupendeza pale mlangoni." Mwonyeshe picha. Akitaka ifutwe, ifute mbele yake. Hata pale sheria inakupa haki ya kubaki nayo, fremu moja haizidi amani ya mtu na ya mpiga picha atakayepita hapo kesho. Aliyelala barabarani, aliye kwenye kilio, anayetoka hospitali: kamera ibaki chini. Hajachagua kuwa hadharani katika hali ile.

#22 Kivuli_Kirefu

Kwenye kuchagua picha ukirudi: usichague siku hiyohiyo. Ukiwa bado unakumbuka jinsi ilivyokuwa vigumu kuipata, unaipa picha sifa ya jasho lako. Mpiga picha wa mtaani Garry Winogrand aliziacha filamu zake zikae muda mrefu kabla ya kuzisafisha, na alipofariki mwaka 1984 aliacha kama 2,500 ambazo hazijasafishwa. Huhitaji kufika huko, wiki mbili zinatosha. Pita mara ya kwanza kwa vijipicha vidogo, kwa sababu fremu iliyosimama vizuri inajulikana hata ikiwa ndogo kama stempu. Ukali ukague mara ya pili.

#23 Mgeni_wa_Fremu

La mwisho wakuu: nikitaka kubaki na autofokasi, niiwekeje?

#24 BibiLenzi

Zima utambuzi wa nyuso kwenye umati; itashika uso mkubwa au ulio karibu, ambao mara nyingi si wako. Tumia kisanduku kimoja cha wastani katikati, fokasi ya mara moja, na uhamishe fokasi kwenye kitufe cha kidole gumba nyuma ya kamera. Gusa lami au ukuta ulio umbali sawa na mahali mtu atakapopita, achia kitufe, panga fremu, subiri. Shata sasa haitafuti kitu, inapiga tu. Ukihama jukwaa, gusa upya.